Siku Makobola Walipokataa Kutekwa

Msinywe chai kabla ya mkutano wa wakubwa. Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Kasenga kuniuliza kazi ya ukalimani wa jeshi inafanywaje, mnataka nianze na sarufi. Sarufi itakuja. Kibofu kinakuja kwanza. Mkubwa akiinuka kuhutubia, anahutubia mpaka kivuli cha hema kihamie upande wa pili, na wewe ndiye mtu pekee usiyeweza kutoka, maana ukitoka watu wote wanabaki kutazamana kama ng'ombe mnadani. Nilijifunza jambo hilo pale bandarini Kalundu, kwenye sherehe ya kupokea kanoti, zile boti za doria, baada ya kunywa birika zima la chai ya tangawizi. Hotuba ya mwisho niliitafsiri nimesimama kwa mguu mmoja. Koloneli Donati, mkuu wa kikosi, aliniambia baadaye kwamba sijawahi kutafsiri kwa ufupi na kwa ufasaha namna ile.

Jina langu ni Salima, lakini basoda, yaani askari wetu, waliniita Mama Tafsiri, na wengine nadhani hawakujua kama nina jina jingine. Kazi yangu ilikuwa kukaa katikati: upande huu jeshi letu la majini pale Kalundu, upande ule wakufunzi wa nchi moja kubwa ya mbali iliyokuwa rafiki yetu. Nchi hiyo sitaitaja. Nilitia sahihi karatasi ya kunyamaza, na hakuna aliyewahi kuniambia muda wake unaisha lini. Nchi yetu ni kubwa kwenye ramani, hilo mnalijua tangu shule ya msingi, lakini kwenye meza ile sisi tulikuwa nchi ndogo. Wao walileta kanoti, moteri, redio, mafuta na hata viti vya kukalia. Sisi tulileta ziwa.

Lugha yao niliipata wapi? Si darasani. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara, na tangu utoto alinichukua kwenye meli mpaka Mpulungu, kule mwisho wa ziwa upande wa Zambia, kuuza vitenge na kununua sukari. Kiingereza changu kilikuwa Kiingereza cha sokoni. Siku yangu ya kwanza kazini nilimpokea mkuu wa wakufunzi, meja mmoja mrefu mwenye shingo nyekundu, kwa maneno niliyoyajua vizuri kuliko yote: nilimwita mteja wangu, nikamhakikishia kwamba kwangu hatapata kitu kilichooza. Alinitazama, akatazama mstari wa basoda waliokuwa wanamngoja, akasema kwamba amefurahi kusikia hivyo. Yeye Kiswahili chake kilikuwa neno moja tu, sawa, na kwa kuwa alilisema mara mbili mbili, wakampa jina la Meja Sawasawa.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Melkizedeki, mzee wa Kifuliiru aliyewahi kuwa katekista, ambaye alikuwa amemtafsiria kila aina ya mgeni aliyepita mji wetu wa Uvira. Alikuwa mfupi, na alisimama nyuma ya bega la msemaji, hatua kidogo kando, kiasi kwamba baada ya muda watu walisahau yupo. Mimi nilisimama mbele nikirusha mikono. Akanivuta kitenge.

"Weye Salima, nani amekuambia utafsiri mikono yake? Mikono batu banaiona. Tafsiri kinywa."

Na kweli kinywa peke yake kilinitosha kwa shida. Kwa lugha yao, neno la kumlinda mwenzako kwa risasi anapokimbia na neno la kumfunika mtu kwa kitambaa ni lilelile. Meja alikuwa anawafundisha basoda kusonga mbele kwenye vichaka vya matete. Akalala chini, akapiga kelele kwamba wakati yeye anakimbia, mwenzake amlinde. Mimi nikapaza sauti, "Mumufunike!" Ajida Byamungu, sajini mnene, mtiifu, asiyeuliza swali, alikimbia mpaka kwenye lori, akarudi na shitingi, lile turubai la buluu la kufunikia mizigo, akamfunika Meja wa nchi rafiki kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, kisha akalipigia saluti lile shitingi. Meja hakulitoa haraka. Nadhani alikuwa anafikiri ni desturi yetu.

Leo mnanicheka, mnasema simu inatafsiri kila kitu. Haya. Mwaka jana kijana mmoja wa bandarini alimwonyesha mgeni maneno "kikosi cha majini" kwenye simu yake. Simu ikafikiri, ikamwambia mgeni kwamba hapa Kalundu serikali inafuga kikosi cha mashetani. Yule mgeni aliandika. Mimi ningesimama nyuma ya bega lake, angalau angejua ni watu, na wengi wao wanasali.

Lakini mliniomba niwaambie juu ya Makobola, basi nifike Makobola.

Habari ilikuja kwamba jenerali kutoka ile nchi kubwa atakuja kuangalia kama urafiki huu una faida. Akiridhika, mafunzo yanaendelea. Asiporidhika, wakufunzi wanarudi kwao, na kanoti, kila mtu alijua, zinarudi nao. Koloneli Donati alikuwa anazipenda zile kanoti kuliko watu wengine wanavyopenda wakwe zao. Akapanga na Meja onyesho kubwa: basoda watoke Kalundu kwa kanoti, washuke kwa mbio kwenye mchanga wa Makobola, wapige risasi zisizoua, wawashe moshi, waingie kijijini na kukiteka kutoka kwa adui. Adui wangekuwa basoda wenzao waliofunga vitambaa vyekundu. Wanakijiji wangekaa tu milangoni, waangalie, na mwisho wapige makofi.

Tulikwenda kuwaeleza. Makobola mnaijua: barabara ya Fizi, milima mgongoni, ziwa mbele, na mchanga wote umetandazwa ndagala, dagaa wa ziwa letu, zinazokauka juani, mpaka huoni pa kukanyaga. Watu walikusanyika. Meja alieleza mpango wake vizuri, kwa adabu, nami nikautafsiri wote, pamoja na moshi. Halafu akainuka Mama Feza.

Mama Feza ndiye aliyewaongoza wanawake wa ndagala. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti iliyozoea kushindana na upepo. Siku ile alisema polepole.

"Tumesikia. Mwambie muzungu asante kwa kuja kutuambia. Lakini basoda bakishuka hapa na bunduki, hata kama risasi iko ya bongo, ya uongo tu, minye niko nakimbia. Moyo yangu haijue kama iko ya bongo. Bote unabaona hapa batakimbia. Ile siku ingine tulikimbia, benye hawakukimbia bako pale."

Akaonyesha kwa kidevu upande wa makaburi, akakaa.

Vijana, mmekulia ukanda huu, sina haja ya kuwaeleza siku ile ya mauaji. Lakini Meja alikuwa hajui. Yeye aliona kijiji kizuri chenye ufuko mpana. Alinigeukia akingoja maneno yangu. Kabla sijafungua mdomo, Koloneli Donati akainama karibu na sikio langu, akitabasamu kwa ajili ya watu.

"Mama Salima, umwambie Meja kama kijiji iko na furaha."

Nilikuwa na watoto shuleni. Nilikuwa najua jinsi ya kusema furaha kwa lugha yao, nililijua neno hilo tangu Mpulungu. Lakini nilimkumbuka Papa Melkizedeki, ambaye siku moja mkubwa fulani alimwomba alainishe maneno ya watu kidogo tu. Aliniambia: "Ukibadilisha neno moja, kesho batakuomba ubadilishe mbili. Kisha utashituka weye ndiye unaamuru jeshi, na nyota hauna."

Nikasimama nyuma ya bega la Meja, nikafanya kazi yangu. Nikamwambia yote aliyosema Mama Feza: risasi, moyo, makaburi. Na kwa kuwa Koloneli naye alikuwa amesema, na mimi nilikuwa mkalimani wa wote wawili, nikaendelea: "Na Koloneli anasema nikuambie kwamba kijiji kina furaha."

Koloneli hakujua lugha yao, ila neno hilo la furaha alilijua, maana lilikuwa kwenye kadi zote za sikukuu walizomletea. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akaona uso wa Meja, na kile kichwa kikasimama.

Meja alitazama makaburi. Akavua kofia. Kisha akaniambia nimuulize mama yule: kama askari lazima waje, yeye angependa kuwaona wakifanya nini?

Mama Feza hakufikiri hata kidogo. "Batu bako nazama hapa. Upepo ya mangaribi inapindua mutumbwi, na ile kanoti yao inapita tu mbio, inatutupia mawimbi. Bafundishe kuokoa batu. Hiyo nitakaa mulangoni niangalie."

"Mwambie Meja," Koloneli akasema, na sasa alikuwa hatabasamu, "jenerali hasafiri kutoka mwisho wa dunia kuja kuangalia batu banaogelea."

Nilimwambia. Meja akajibu kwa lugha ya kwetu, bila kunihitaji: "Sawa sawa." Lakini alikuwa anamjibu Mama Feza.

Tuliporudi Kalundu, Koloneli hakunifukuza. Alifanya kitu kibaya zaidi: aliacha kusema na mimi. Akitaka nimwambie Meja jambo, alimwambia Ajida Byamungu kwa Kiswahili, Ajida akageuka akaniambia mimi kwa Kiswahili kilekile, mimi ndipo nikamwambia Meja. Jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Tulikuwa tumesimama mahali pamoja, ungeweza kutufunika sote kwa mwavuli mmoja. Ajida aliichukua kazi hiyo kwa uzito wote. Alianza hata kusimama nyuma ya bega la Koloneli, hatua kidogo kando, na siku moja nilimsikia akimwambia askari mdogo kwamba ukalimani ni kazi ngumu, watu hawajui tu.

Nyumbani nililala vibaya. Kama jenerali angekasirika na kanoti zikaondoka, kila mtu pale bandarini angejua ni ulimi wa nani ulioziondoa. Nilimwendea Papa Melkizedeki, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshastaafu na alikuwa anafuga bata. Nilimweleza yote nikitegemea atanisifu.

"Hata ile ya furaha ulitafsiri?" akauliza.

"Hata hiyo."

Akawarushia bata makapi. "Hiyo ingetosha kuitafsiri kwa macho," akasema. Ndiyo sifa pekee niliyopata.

Kanoti zilikuwa za Meja, basi mazoezi ya kuokoa yakaanza. Wanawake wa Makobola waliingia kazini kwa bidii ambayo basoda hawakuwa nayo. Mpango ulikuwa mwepesi: mtumbwi unapinduka mbele ya ufuko, watu wake wamevaa jile, zile fulana za kuelea, chini ya vitenge, wanapiga kelele, kanoti inatokea kwa mbio, inawaokota. Mama Feza alichaguliwa kuwa mzamaji mkuu. Aliniuliza alie namna gani. Nilimuuliza Meja, Meja akasema alie kama kawaida. "Kawaida ya nani?" akauliza Mama Feza. "Minye sijazama." Nikawaacha wapatane kwa ishara.

Jenerali akaja asubuhi yenye jua, mzee mwembamba mwenye miwani, akaketishwa kwenye hema juu ya mchanga ambao wanawake walikuwa wameuondolea ndagala kwa heshima yake, ingawa harufu ilibaki. Ilitolewa ishara. Mtumbwi ukapinduka. Mama Feza akalia.

Sijawahi kusikia kilio kama kile. Dada yake, aliyekuwa amefika asubuhi ileile kutoka Uvira kumtembelea na hakuwa ameambiwa chochote, alitupa kapu lake na kuingia majini na nguo zake zote, akiita jina la ndugu yake. Wanawake wengine wakamfuata kumrudisha. Kutoka hemani ilionekana kama kijiji kizima kinajitupa ziwani. Hapo kanoti ikaja, nzuri, ya kijivu, Ajida Byamungu amesimama mbele na kamba mkononi, na ikapita moja kwa moja juu ya wavu wa Papa Sumaili.

Papa Sumaili alikuwa mvuvi aliyeambiwa autoe wavu wake asubuhi ile, na alikuwa amekubali, na alikuwa hajautoa. Moteri ilikoroma, ikajisokota nyuzi, ikazima. Kanoti ikasimama ghafla. Ajida Byamungu hakusimama. Aliendelea mbele peke yake, na kamba yake, akaingia majini kwa kichwa, na viatu vyake vikubwa vikaelekea mbinguni.

Basi Mama Feza akaacha kulia. Alipiga mikono mitatu minne, akamkamata Ajida kwenye ukosi, akamgeuza chali kama alivyofundishwa kwenye mazoezi, akaanza kumvuta kuelekea ufukweni huku akimwambia atulie, asimpige mateke. Wavuvi wakasukuma mitumbwi yao, wakaifunga kanoti ya nchi rafiki kwa kamba za katani, wakaikokota mpaka mchangani. Walikuwa wanaimba. Nadhani hawakuona sababu ya kutoimba.

Jenerali aliinuka. Alitazama kanoti, akamtazama Ajida aliyekuwa anatapika maji ya ziwa, akamwuliza Koloneli Donati: je, hii yote ilikuwa sehemu ya mpango?

Nikatafsiri. Ajida hakuwepo nyuma ya bega, kwa hiyo Koloneli ilimbidi anitazame mimi. Wote walinitazama. Niliona jasho likishuka kwenye shavu lake, na kusema kweli nilimhurumia. Angeweza kusema ndiyo. Neno fupi, na jenerali alikuwa anataka kulisikia, uso wake ulionyesha.

"Mwambie hapana," Koloneli akasema. "Mwambie moteri ilikamatwa na wavu, na hawa batu ndio bametuokoa. Mwambie yote, Mama Salima. Hata nikikukataza, utamwambia."

Nikamwambia jenerali yote, pamoja na sentensi ya mwisho. Yule mzee alivua miwani, akaifuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa tena. Kisha akasema ameangalia maonyesho mengi katika nchi nyingi, na kila mara kila kitu kilikwenda vizuri, na mara zote alirudi kwao bila kujua chochote. Leo ndiyo mara ya kwanza amemwona mtu akiokolewa kweli. Akauliza kama yule mama angekubali kuwafundisha askari. Mama Feza akajibu kwamba angekubali, ila yule mnene apunguze viatu.

Kanoti zilibaki. Zikaletewa vikinga vya chuma vya kuzuia nyavu, na Makobola wakaletewa jile na kamba ndefu. Papa Sumaili alikaa mchangani akiwa ameshika wavu wake uliochanika, akiwatazama wakubwa kwa zamu, mpaka Meja akaja akaketi kando yake na kuanza kuushona. Alishona mpaka jua likawa kali. Alipoondoka, Papa Sumaili aliufumua wote akaanza upya, lakini alingoja kwanza gari lipotelee kwenye kona, na hiyo, vijana, ndiyo adabu.

Msimu wa upepo ulipoanza, mangaribi moja jua likishuka, boti ya mbao iliyotoka mji wa Baraka ikapinduka mbele ya Makobola ikiwa na watu na mizigo. Redio iliita Kalundu. Niliruka ndani ya kanoti pamoja na Meja na Ajida kwa mazoea tu, maana aendako Meja ndiko niliko. Mawimbi yalitupiga mpaka nikashika kila kitu kilichoshikika. Tulipofika, mitumbwi ilikuwa tayari majini, na Mama Feza amesimama kwenye maji ya kiunoni, anaelekeza kwa mkono. Anasema kwa lugha yake ya Kibembe. Wavuvi wanajibu. Meja anapaza sauti kwa lugha ya kwao. Ajida anarusha kamba, bila viatu. Kila mtu alifanya alichoambiwa, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitafuta.

Niliruka ufukweni nikapokea watu. Niliwafunika kwa vitenge, kwa shitingi, kwa chochote, nikawahesabia watoto wao. Siku ile hakuna aliyebaki majini.

Wa mwisho kuletwa alikuwa mama mmoja mtu mzima, amejishikilia kwenye dumu. Meja mwenyewe alimbeba mpaka mchangani. Yule mama alikohoa, akafuta macho, akamtazama usoni, akasema maneno machache. Meja akanigeukia, macho yake mekundu, akauliza amesema nini. Koloneli Donati, aliyekuwa amefika kwa barabara, alikuwa amesimama hapo karibu. Safari hii hakuinama sikioni mwangu. Aliangalia pembeni.

"Anauliza," nikamwambia Meja, "gunia lake la mihogo liko wapi."

Meja akavua saa yake, akanipa niishike, akarudi majini kulitafuta.